Kichwa Ndani ya Mashine, Mama Mkwe Mlangoni

Leo mama mkwe wangu ameziona nyayo zangu kabla ya kuuona uso wangu. Someni polepole, na mkimaliza mniombee.

Kwa wale mlioingia kundi hili juzi juzi: mimi ni mshereheshaji. Harusi, mahafali, hata matanga, nikipewa kipaza sauti watu hutulia. Ni mfupi, sifichi, na tumbo langu hufika mahali kabla yangu (kazi ya harusi ina chakula kingi). Naishi Otonglo na mke wangu Awuor na binti yetu Atieno, ambaye leo alikuwa shule, Mungu asifiwe.

Mama yake Awuor anakaa Awasi, anauza nafaka. Tangu tuhamie nyumba hii hajawahi kuikanyaga. Leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kuja kula chakula cha mchana. Na kwa wasio wa huku kwetu, wacha niwaeleze kidogo. Mwanaume na mama mkwe wake wanaheshimiana mpaka mgeni anaweza kudhani wamekosana. Hawakai kochi moja. Wakisalimiana, mkono unanyooshwa kutoka mbali kama mtu anayepokea kitu ng'ambo ya mtaro. Na mwili wa mkwe, zaidi ya uso na mikono, mama hapaswi kuuona. Hilo la mwisho mlishike.

Shida ilianza na vitambaa vya kochi. Mama alivifuma kwa mikono yake mwenyewe, vyeupe kama maziwa, akatupa siku ya harusi yetu. Awuor aliamua vifuliwe leo asubuhi ili Mama avikute viking'aa. Akavitia kwenye mashine yetu, ile ya kufunguliwa juu, tuliyoichukua kwa jirani aliyekuwa anahama. Mashine ikaanza kutetemeka. Baada ya kutetemeka ikaanza kutembea. Ilitoka ukutani ikaja hadi katikati ya chumba cha kufulia, kama inataka kuuliza kitu.

"Baba Atieno, tuite fundi," Awuor akasema.

"Fundi wa nini na mimi niko?"

"Wewe ni wa kipaza sauti."

"Kipaza sauti pia kina stima."

Alikuwa anaenda sokoni kutafuta samaki na mboga, hakuwa na wakati wa kubishana na mimi. Akachukua kikapu. Mlangoni akageuka.

"Basi usiguse kitu chenye hujui jina lake."

Nikakubali. (Kwenye mashine ile nilikuwa najua jina la mfuniko tu.)

Wacha niseme ukweli, mwanzo nilifanya vizuri. Niliinama nikaona mguu mmoja wa mashine haugusi sakafu. Miguu hiyo inazungushwa kwa mkono kama kifuniko cha chupa. Nikazungusha, nikaweka kiganja juu ya mashine, ikatulia. Halafu nikaona maji yanaingia kwa matone, kama mtu anayelia kwa adabu. Nikafunga mfereji, nikafungua bomba la nyuma, na hapo linapoingilia kwenye mashine nikakuta kichujio kidogo kimejaa mchanga wa tangi. Nikakisugua kwa mswaki wa zamani (sitasema ni wa nani). Nikarudisha. Maji yakaja kwa nguvu.

Hapo ndipo nilipowatumia ile picha, nimeinua mswaki, nimeandika "Fundi ni mimi." Naomba muifute.

Maana mara tu baada ya picha, mashine ilizunguka kidogo, ikanyamaza, ikaanza kuguna. Mmmmm. Kama mtu aliyeulizwa swali kanisani na hajui jibu. Nguo hazizunguki, maji hayatoki. Nikachomoa stima. Hilo mnipe, stima nilichomoa. Nikaivuta mashine mbali na ukuta ili nifike nyuma, nikalitoa lile bomba la kutolea maji pale linapotundikwa, nikalilaza chini. Maji yakatoka yenyewe. Yalipitia kwenye miguu yangu, yakaenda kwenye tundu la sakafu taratibu, yakaacha povu kila mahali.

Nikatoa kitambaa kimoja kimoja. Vyote vikatoka isipokuwa kimoja, kile kikubwa cha kochi la wageni. Pembe yake ilikuwa imemezwa chini ya kile kisahani kilicho sakafuni mwa pipa, kinachozungusha nguo. Nikavuta. Nikasikia uzi ukilia. Nikaacha mara moja.

Sasa fikiria mwenyewe. Mama anaingia, anatazama makochi, anahesabu vitambaa vyake kwa macho. Anauliza kile kikubwa kiko wapi. Nitamwambia mashine imekila?

Katikati ya kisahani kuna skrubu moja. Niliifungua kwa bisibisi huku nimelalia ukingo, mkono mmoja ndani, ikatoka bila matata. Lakini kisahani chenyewe kiling'ang'ania. Kilihitaji mikono miwili, na pipa lile ni refu kwa mtu wa kimo changu. Nikachukua karai, nikaligeuza chini juu, nikapanda. Nikainama ndani na mikono yote miwili, nikashika kisahani, nikavuta.

Karai likateleza kwenye povu.

Sikuanguka. Ningeanguka ingekuwa afadhali. Nilizama. Kichwa kilitangulia, mabega yakafuata, na tumbo likapita kwenye ukingo wa pipa kwa msaada wa sabuni. Miguu ikabaki hewani. Nikajaribu kurudi nyuma. Tumbo likakataa. Lilivyoingia lilikuwa rafiki yangu, kutoka likasema hatujuani.

Nikasukuma chini kwa mikono. Pipa lile linazunguka, kumbuka. Kila nikisukuma, linageuka kidogo na mimi linanigeuza nalo, miguu inaenda upande wa dirisha, inarudi upande wa mlango, kama mshale wa saa iliyoharibika. Na nilikuwa nimevaa kaptula yangu ya kazi za nyumbani, ambayo mpira wake ulichoka zamani. Kila nikigeuka, nilihisi kaptula ikishuka kidogo. Kwa mtu aliyepinduliwa, kushuka ni kupanda, lakini nadhani mmenielewa.

Simu ikalia dirishani. Nikaujua mlio, ni Awuor. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Baadaye nilikuja kujua alikuwa anataka kuniambia kwamba Mama amepata lifti ya mapema na tayari ameshuka Otonglo.

Halafu nikasikia tuktuk ikisimama nje. Nikasikia lango.

"Hodi hapa."

Sauti ile naijua. Nilinyamaza. Wazo langu lilikuwa hili: ataona hakuna mtu, ataketi sebuleni, Awuor atakuja, Awuor atanitoa, nitatokea nimeoga. Mpango mzuri. Lakini sabuni ya unga ilikuwa imenijaa puani. Nikapiga chafya.

Hamjawahi kusikia chafya ndani ya pipa la chuma. Hata mimi nilishtuka.

"Nani yuko huko?" Mama akauliza kutoka sebuleni.

"Ni mimi, Mama." Sauti hii ninayolipwa kwa ajili yake ilitoka kama ya mtu aliyezikwa kwa makosa.

"Wewe nani?"

"Baba Atieno."

"Uko wapi, Baba Atieno?"

"Niko kwa mashine, Mama."

"Kwa mashine unafanya nini?"

"Natengeneza."

Nyayo zikakaribia. Zikasimama mlangoni pa chumba cha kufulia. Mbele yake palikuwa na miguu miwili hewani, kaptula iliyokata tamaa, na kile cha ndani ambacho Awuor aliniambia nikitupe na sikumsikia.

"Inatengenezeka?" akauliza. Kwa sauti ile ile ya kawaida, kama anaulizia bei ya mahindi.

"Bado, Mama."

Nikasikia viatu vyake vikigeuka. Halafu upepo mdogo, na kitu laini kikanitua kiunoni, kikanifunika hadi magotini. Leso yake ya kujifunga. Aliirusha akiwa amenipa mgongo, na ikatua mahali pake. Watu wangu, nimeshuhudia mabibi harusi wakirusha maua mbele ya umati wakakosa hata umati. Mama huyu aliilenga aibu yangu bila kuitazama, na hakukosa.

Hapo nikasikia sauti nyingine nje, na damu yote iliyokuwa kichwani ikaganda. Mama hakuja peke yake. Amekuja na Mzee Ouma, ndugu ya marehemu baba mkwe. Mzee Ouma ni mtu mwema, lakini akijua jambo akiwa kitandani, Awasi nzima inalijua kabla hajavaa viatu. Alikuwa amebaki nyuma akihangaika kushusha jogoo wa zawadi kwenye tuktuk.

"Mkwe wetu yuko wapi?" Mzee akauliza, hatua zake zikiingia sebuleni.

"Shemeji, simama hapo hapo," Mama akasema. "Anafua."

"Anafua? Mwanaume?"

"Anafua vitambaa vyangu. Wewe ulishawahi kumfulia nani?"

Nikasikia jogoo akipapatika mikononi mwa Mzee.

"Mpeleke huyo jogoo nyuma ya nyumba, mtafutie maji. Amesafiri."

Hatua zikatoka nje. Nikiwa kule chini gizani, nilitamani kupiga makofi, lakini mikono ilikuwa imeshika kisahani.

"Stima imezimwa?" Mama akauliza.

"Nimechomoa, Mama."

"Vizuri. Sasa sikiza. Mimi sitakushika, na sitakuangalia. Kuna nafasi hapo nyuma ya mashine. Nitaingia niangalie ukuta. Nitaisukuma hii kitu kwa mgongo, iinamie upande wako. Ukisikia miguu imegusa chini, toa pumzi yote yenye uko nayo, halafu urudi nyuma. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Usinijibu tena. Weka hiyo pumzi."

Nikamsikia akijipenyeza kati ya mashine na ukuta. Ile nafasi niliiacha mwenyewe wakati wa kulaza bomba, haikuwa kubwa, na Mama si mwembamba. Akapumua. Akatia viganja ukutani. Huyu ni mwanamke ambaye amebeba magunia ya mtama tangu kabla sijajua kuongea, na leo aliuweka mgongo ule kwenye mashine yenye mimi ndani, akasukuma.

Mashine ikalia. Ikainama polepole. Nikahisi kidole kikubwa cha mguu kimegusa maji, halafu nyayo, halafu nikawa nimesimama, ingawa kichwa bado kiko pipani.

"Pumzi," akasema.

Nikaitoa yote. Nilitoa hata ile ya jana. Tumbo likalegea, nikarudi nyuma kwa nguvu zangu zote, nikasikia mlio kama wa kizibo, na nikaketi sakafuni ndani ya povu, leso kiunoni. Mkononi nilikuwa bado nimeshika kisahani. Kimetoka. Na kile kitambaa kikubwa kikatoka nacho, pamoja na kibanio cha nywele kilichokuwa kimejificha chini yake na kukwamisha kila kitu. Nilikuwa nimehangaika na mashine ile asubuhi nzima. Mama ameitengeneza kwa mgongo, akiangalia ukuta.

Nyuma yangu mashine ikarudi kwa miguu yake. Puu.

"Umevaa?" akauliza kutoka huko nyuma.

"Bado, Mama."

"Basi nenda uvae."

Nilikimbia. Chumbani nguo zangu zote nzuri zilikuwa kwenye tenga la kusubiri kufuliwa (ndiyo, najua). Kilichokuwa safi ni suti ya kazi, ile ya rangi ya divai yenye kola inayong'aa. Nikaivaa. Nikarudi nikiwa nimejipanga namna ya kusema asante, na nikakuta Mama bado yuko nyuma ya mashine.

"Mama, nimevaa. Unaweza kutoka."

"Baba Atieno," akasema taratibu, "hii kitu iliporudi, ilirudi karibu zaidi."

Alikuwa amebanwa. Uso kwa ukuta, mgongo kwa mashine, mtu mzima wa heshima, mama wa kanisa, na ni mimi nimemfikisha hapo. Nilihisi machozi. Lakini nikasema, huyu mama ameniokoa bila kunitazama, na mimi nitamwokoa vivyo hivyo. Nikageuka nikampa mgongo. Nikaipitisha mikono nyuma, nikashika mashine kwenye kingo zake, nikaanza kuivuta nikienda mbele kama ng'ombe wa jembe. Viatu vikiteleza kwenye povu. Suti ikilalamika mabegani.

Hapo ndipo Mzee Ouma alipotokea mlangoni na jogoo kwapani.

Jaribuni kuona alichokiona. Mkwe amevaa suti ya harusi, povu masikioni, anatazama mlango. Mama mkwe anatazama ukuta. Katikati yao mashine. Nimeshika kipaza sauti mbele ya maaskofu na wabunge, sijawahi kukosa la kusema. Leo lilinikosa. Nilifungua mdomo, ikatoka chafya nyingine.

"Mnafanya nini?" Mzee akauliza.

"Tunasalimiana," Mama akajibu kutoka ukutani.

Mzee alitutazama, mmoja, halafu mwingine. "Mkiwa hivyo?"

"Heshima, shemeji."

Akafikiria sana. Halafu akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hiyo ni vizuri. Vijana wengi wameacha mila." Akatoka na jogoo wake.

Mashine ikasogea. Mama akatoka, akajifuta vumbi la ukuta kwenye mikono, akanyoosha kitambaa cha kichwani. Hakunitazama bado. Alienda sebuleni, akachukua mkoba wake, akatoka nje kabisa, akafunga mlango. Nikasimama pale nisijue kama amekasirika anarudi Awasi.

Mlango ukagongwa.

"Hodi hapa."

Nikaelewa. Nilijipangusa povu, nikafungua, nikamsalimu kwa lugha yetu.

"Karibu, Mama. Oyawore."

Akanyoosha mkono kutoka mbali, kama inavyotakiwa. Nami nikanyoosha wangu. Ndipo kwa mara ya kwanza leo akanitazama usoni, akasema, "Oyawore, Baba Atieno. Nimefurahi kukupata nyumbani."

Nimefanya kazi ya kuwapa watu heshima mbele ya watu kwa miaka. Nasoma vyeo, naita majina, naomba makofi. Leo nimejifunza kwamba sijui kazi hiyo. Mama huyu aliniondolea siku nzima, akaikunja, akaiweka kando, akanipa nyingine mpya mlangoni pangu mwenyewe.

Awuor alipofika na kikapu alisimama akinitazama.

"Mbona suti?"

Mama akadakia kabla sijafungua mdomo. "Mtu amenivalia suti, wewe unauliza mbona? Leta samaki."

Tulikula. Mashine ilikuwa imerudishiwa kisahani chake, ikisuuza vitambaa kimya kimya kama haijawahi kumkosea mtu. Vilipokauka uani, Awuor alivileta, na nikaona kile kikubwa kimechanika pembeni. Mama akakishika, akakigeuza mbele ya dirisha.

"Hapa nilikosea wakati nafuma," akamwambia Awuor. "Imenisumbua miaka yote. Nipe nikafume upya."

Akakikunja akakitia mkobani. Hakukuwa na kosa lolote hapo. Mimi nakijua kitambaa kile, nimekikalia mara nyingi.

Jioni nikawasindikiza hadi barabarani. Mzee Ouma alinishika mkono kwa nguvu, akaniambia atawaeleza watu wa Awasi jinsi mkwe wao anavyosalimia. Nikamwomba asijisumbue. Akasema si usumbufu. Mama akaingia kwenye tuktuk, akaketi wima, uso wake mtulivu kama wa mtu anayetoka ibadani. Akaniaga kwa mkono wa mbali. Nikasema "Erokamano, Mama," na asante hiyo ilikuwa ya kila kitu.

Tuktuk ikaondoka. Walipofika pale kwenye kona niliona kupitia kidirisha cha nyuma mabega ya Mama yakitikisika, yakitikisika, mpaka akashika kitambaa chake cha kichwa na kukiweka usoni.

Barabara yetu ina mashimo mengi sana. Nimeamua ni mashimo.